Kiini cha Atomu na Usumaku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza kuhusu viini na sumaku hutokea pande mbili. Wapo wanaoshuku kwamba siri ya sumaku imefichwa ndani ya kiini. Wapo pia waliosikia kwamba MRI, mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, husoma viini vya atomu, wakajiuliza kiini kina nini cha kusomwa. Majibu yameanza na mambo ya msingi, na jibu linalogusa swali jingine linaelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Je, kiini cha atomu ni sumaku?

Baadhi ndiyo, baadhi la. Inategemea spini ya kiini, yaani kiasi cha mzunguko wa asili kilicho nacho. Kiini chenye spini huwa na momenti ya sumaku: kina kaskazini na kusini, na kikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, kukaa upande mmoja hukigharimu nishati kidogo kuliko kukaa upande mwingine. Kiini cha haidrojeni ya kawaida ni protoni moja tu yenye spini ya 1/2, hivyo ni sumaku. Kaboni-13 nayo ni sumaku. Lakini kaboni-12, ambayo ni karibu asilimia 99 ya kaboni yote ya asili, ina spini sifuri na momenti sifuri. Si ndogo, haipo. Sababu iko katika swali la 8.

2. Usumaku wa kiini una ukubwa gani ukilinganishwa na wa elektroni?

Ni mdogo mno. Kwa chembe zenye chaji sawa, ile yenye tungamo kubwa hupata momenti ndogo, na tungamo la protoni ni mara 1836 ya lile la elektroni. Ndiyo maana kuna vipimo viwili. Elektroni hupimwa kwa magnetoni ya Bohr, takriban jouli 9.27×10⁻²⁴ kwa tesla. Viini hupimwa kwa magnetoni ya nyuklia, takriban 5.05×10⁻²⁷. Takwimu zote za viini hapa chini ziko katika magnetoni za nyuklia.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mvutano wa sumaku mbili hufuata zao la momenti zao, kwa hiyo upungufu unajizidisha wenyewe. Protoni mbili huathiriana kisumaku kwa nguvu iliyo ndogo zaidi ya mara 400,000 kuliko elektroni mbili zilizo umbali uleule.

3. Je, nguvu ya sumaku ya chuma inatoka katika viini vya chuma?

Hapana. Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, kwa hiyo lipewe ushahidi badala ya kukanushwa tu.

Anza na viini vyenyewe. Karibu asilimia 92 ya chuma cha asili ni chuma-56, chenye protoni 26 na nyutroni 30. Zote ni namba shufwa, na spini ya kiini ni sifuri. Chuma-54 na chuma-58 hali yao ni hiyo hiyo. Ni chuma-57 peke yake chenye spini, nacho ni kama asilimia 2 tu. Atomu 98 kati ya kila 100 katika kipande cha chuma zina kiini kisicho na usumaku wowote, na bado kipande hicho kinanasa misumari.

Kisha pasha joto. Chuma kikifika takriban nyuzi 770 za Selsiasi, usumaku wake wa kudumu hutoweka; kikipoa, uwezo wa kuwa sumaku hurudi. Nishati ya joto hilo kwa kila atomu haifiki hata elektronivolti 0.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Ili kukiinua kiini cha chuma-56 hadi ngazi yake ya kwanza ya juu zinahitajika takriban elektronivolti 847,000. Kiini hakikusikia moto huo hata kidogo, ilhali usumaku ulikwisha.

Tatu, aloi. Zipo aina za chuma cha pua ambazo sehemu yake kubwa ni chuma, viini ni vilevile, na sumaku haizishiki. Upande wa pili, mwaka 1903 Friedrich Heusler alieleza aloi za shaba, manganizi na aluminiamu zinazovutwa kwa nguvu na sumaku, ingawa hakuna hata moja ya metali hizo tatu iliyo hivyo ikiwa peke yake. Viini havikubadilika, kilichobadilika ni umbali kati ya atomu na namna elektroni zao zinavyokutana.

Wanaofanya kazi hiyo ni elektroni za ganda dogo la 3d. Zinapokuwa na spini za upande mmoja, kanuni ya Pauli, isiyoruhusu elektroni mbili kuwa katika hali ileile, huzilazimisha zikwepane, na kwa kukwepana hupunguza gharama ya msukumano wao wa umeme. Ndiyo kusema hata nguvu inayozipanga elektroni za sumaku, kwa asili yake, ni ya umeme. Wengi hushangazwa na hilo kuliko na habari za kiini.

4. Lakini chuma kina kiini imara kuliko vyote. Hiyo si dalili?

Ni sadfa. Kwanza, kiini kinachoongoza kwa nishati ya mshikamano kwa kila nukleoni (yaani protoni au nyutroni) ni nikeli-62, kikifuatwa na chuma-58, ndipo chuma-56, na tofauti zao ni ndogo sana. Pili, kilele hicho huamuliwa na mizani kati ya nguvu ya nyuklia inayovuta na msukumano wa protoni. Ganda la 3d la elektroni halina kauli katika mizani hiyo.

Tazama majirani. Kromiamu na manganizi wanakaa mlango wa pili na chuma, viini vyao vimeshikamana karibu sawa na vyake, na hawawi sumaku za kawaida. Gadoliniamu, yenye protoni 64, iko mbali kabisa na kilele, lakini ikiwa chini kidogo ya nyuzi 20 za Selsiasi huwa sumaku kamili. Anayetaka kuunganisha uimara wa kiini na usumaku itambidi aieleze kwanza gadoliniamu.

5. Basi kiini hakina mchango wowote katika sumaku?

Kinao, ila si kwa muundo wake wa ndani. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua idadi ya elektroni, na kwa hiyo ganda lipi litabaki nusu tupu. Vilevile, chaji kubwa ya kiini kizito huzifanya elektroni zilizo karibu nacho ziende kasi, na hapo spini ya elektroni hufungamana zaidi na mzingo wake. Ufungamano huo unachangia sana ukaidi wa sumaku za neodimiamu, ambazo hukataa kugeuzwa kirahisi. Katika yote haya kiini kinahesabika kama chaji moja iliyokaa katikati. Namna protoni na nyutroni zilivyojipanga humo ndani haiulizwi.

## Muundo wa kiini unavyoonekana katika usumaku wake

Hapa swali linageuka, na binafsi naona upande huu ndio wenye utajiri. Muundo wa kiini hauelezi sumaku, lakini usumaku wa kiini unaeleza muundo wake.

6. Nyutroni haina chaji. Usumaku wake unatoka wapi?

Unatoka kwa kwarki, chembe ndogo zaidi zilizo ndani yake. Nyutroni ina kwarki moja ya juu, yenye chaji ya +2/3, na mbili za chini, zenye −1/3 kila moja. Chaji zikijumlishwa hupatikana sifuri, lakini usumaku hautegemei jumla ya chaji pekee; unategemea pia spini ya kila kwarki imeelekea wapi. Luis Alvarez na Felix Bloch waliupima usumaku huo mwaka 1940, na thamani inayotumika leo ni −1.913. Alama ya kutoa maana yake momenti imeelekea kinyume na spini.

Modeli rahisi ya kwarki inatabiri kwamba momenti ya protoni ikigawanywa kwa ya nyutroni itatoka −3/2. Vipimo vinatoa −1.46. Mafanikio hayo yasikulevye. Mwaka 1987 jaribio la EMC kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, lilionyesha kwamba spini za kwarki huchangia sehemu ndogo tu ya spini ya protoni. Nyingine inatokana na gluoni, chembe zinazozishikanisha kwarki, na mwendo wa kwarki katika mizingo yao, kwa hiyo picha ya kwarki tatu zilizotulia imepatia jibu kwa hesabu iliyoacha mengi nje.

7. Kwa nini momenti ya protoni ni 2.79 wala si 1?

Kwa sababu protoni si nukta. Mlinganyo wa Dirac ungetoa 1 kwa chembe isiyo na sehemu za ndani, na wananadharia wengi hawakuona haja ya kupima. Mwaka 1933 huko Hamburg, Otto Stern, pamoja na Otto Frisch na Immanuel Estermann, walipima hata hivyo wakapata takriban 2.5. Ilikuwa dalili ya kwanza ya majaribio kwamba protoni ina undani, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutamka kwarki. Stern alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

8. Kwa nini viini vyenye protoni shufwa na nyutroni shufwa havina usumaku?

Nukleoni hupenda kujipanga jozi jozi, kila mwenzi akizunguka kinyume cha mwenzake katika mzingo uleule, hata mizunguko yao ikafutana. Protoni hujipanga na protoni, nyutroni na nyutroni. Zikiwa shufwa pande zote mbili, hakuna anayebaki pekee. Kila kiini cha namna hiyo kilichowahi kupimwa kimekuwa na spini sifuri katika hali yake ya chini ya nishati, bila hata mmoja kuvunja kanuni. Kikiinuliwa ngazi za juu mambo hubadilika, na hapo huweza kuwa na momenti.

Upande mmoja ukiwa witiri, nukleoni moja hubaki bila mwenzi, na usumaku wa kiini hutokana zaidi na hiyo. Viini vilivyo witiri pande zote mbili ni adimu miongoni mwa viini imara: vyepesi ni diyuteri (haidrojeni nzito), lithiamu-6, boroni-10 na naitrojeni-14 tu.

9. Modeli ya maganda inatabiri vipi momenti ya kiini?

Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer huko Marekani na kundi la Hans Jensen huko Ujerumani walifikia jibu lilelile bila kushirikiana: nukleoni hukaa katika maganda, na viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82, na nyutroni 126, huwa imara kuliko majirani zao. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1963.

Momenti za sumaku zilikuwa mashahidi wazuri wa modeli hiyo. Chukua oksijeni-17. Oksijeni-16 ina protoni 8 na nyutroni 8, maganda yamejaa pande zote. Ongeza nyutroni moja, nayo itakaa peke yake nje. Modeli inasema momenti ya kiini kizima lazima iwe ile ya nyutroni, yaani −1.913. Iliyopimwa ni −1.894. Sasa chukua naitrojeni-15, ambayo ni kama oksijeni-16 iliyopungukiwa na protoni moja. Utabiri ni −0.264, kipimo ni −0.283. Nukleoni 15, na jibu linatoka kwa kuangalia pengo la mmoja aliyekosekana!

Uzuri huo haudumu kote. Bismathi-209 ina protoni moja nje ya ganda lililojaa la 82, hivyo tungetegemea iwe rahisi kama oksijeni-17. Utabiri ni takriban 2.6, lakini kipimo kinakaribia 4.1. Mwaka 1954 Akito Arima na Hisashi Horie walieleza kwamba nukleoni ya nje huzisumbua zile za ndani, zikachangia kidogo kidogo, na michango hiyo ikijumlishwa si midogo tena. Pioni, chembe zinazopita kati ya nukleoni na kubeba nguvu ya nyuklia, nazo baadhi zina chaji, na mwendo wao huongeza usumaku wake. Kwa viini vingi, thamani halisi huangukia kati ya mipaka miwili ambayo Theodor Schmidt aliichora mwaka 1937, kabla hata ya modeli ya maganda kukubaliwa.

10. Diyuteri ina protoni moja na nyutroni moja. Je, momenti zao zinajumlishwa tu?

Karibu, na hiyo "karibu" ina maana kubwa. 2.793 ukitoa 1.913 ni 0.880. Kilichopimwa ni 0.857. Kama chembe hizo mbili zingekaa katika hali ya duara kamili, jumla ingetimia. Upungufu, pamoja na ugunduzi wa kundi la Isidor Rabi mwaka 1939 kwamba diyuteroni, yaani kiini cha diyuteri, imerefuka kidogo, unaonyesha kwamba kwa asilimia chache mfumo huo uko katika hali ya mzingo isiyo ya duara. Kinachoirefusha ni sehemu ya nguvu ya nyuklia inayojali spini zimeelekea wapi. Sehemu hiyo itarudi katika swali la 12.

11. Viini visivyo duara vina usumaku wa aina yake?

Vina. Viini vingi vizito vilivyo mbali na maganda kamili vina umbo lililorefuka, na huweza kuzunguka kama kitu kimoja. Protoni zikizunguka ni mkondo wa umeme, kwa hiyo mzunguko huo huzaa momenti. Makadirio ya haraka ni kwamba uwiano wa momenti kwa mzunguko unakaribia idadi ya protoni ikigawanywa kwa idadi ya nukleoni zote, kama 0.4 kwa viini vizito. Mara nyingi vipimo huwa chini kidogo ya hapo.

Mwaka 1984 kundi la Achim Richter huko Darmstadt liligundua mwendo wa ajabu katika gadoliniamu-156: wingu lililorefuka la protoni na lile la nyutroni hupishana kama makali mawili ya mkasi. Mtikisiko huo huamshwa kwa njia ya sumaku, si ya umeme, na kadiri kiini kilivyorefuka ndivyo unavyokuwa na nguvu zaidi. Hapa umbo la kiini na usumaku wake vimefungamana waziwazi.

## Je, nguvu za ndani ya kiini ni za kisumaku?

12. Inawezekana protoni na nyutroni zinashikana kama sumaku ndogo?

Wazo hili huvutia, na huzuka upya kila kizazi. Hesabu moja inatosha kulipima. Weka protoni mbili umbali wa femtomita 2, kadiri ya nafasi kati ya majirani ndani ya kiini, na uzipange katika mkao unaovutana kuliko yote. Nishati ya mvutano wa kisumaku hutoka takriban megaelektronivolti (milioni za elektronivolti) 0.03. Msukumano wao wa umeme kwa umbali huo ni takriban 0.7, na mshikamano halisi katika viini vingi ni kama 8 kwa kila nukleoni. Sumaku hizo haziwezi hata kuushinda umeme.

Kinachowachanganya watu ni kwamba nguvu ya nyuklia ina sehemu iliyo na sura ileile ya kihesabu kama ya sumaku mbili: inategemea spini zote mbili na mstari unaoziunganisha. Sura inafanana, chanzo ni tofauti. Hutokana na kubadilishana pioni, na nguvu yake ni kubwa mno kuliko ya sumaku. Bila sehemu hiyo diyuteroni isingeshikana.

13. Ufungamano wa spini na mzingo ndani ya kiini ni wa kisumaku kama katika atomu?

Hapana. Katika atomu hutokana na elektroni kuhisi uga wa sumaku inapopita katika umeme wa kiini. Katika kiini ishara yake ni kinyume, na ukubwa wake hauwezi kabisa kuelezwa kwa sumaku. Ni zao la nguvu ya nyuklia yenyewe. Goeppert Mayer na Jensen walipata namba zao kwa kuuchukulia kuwa mkubwa.

## Kiini kama msikilizaji

14. Kiini ndani ya chuma huhisi uga wa kiasi gani?

Takriban tesla 33, zaidi ya mara 10 ya mashine ya MRI yenye tesla 3. Uga huo hauletwi na viini bali na elektroni, hasa zile za mizingo inayopenya hadi ndani ya kiini. Elektroni za 3d huzivuta kidogo zielemee upande mmoja wa spini. Cha kushangaza zaidi, uga huo umeelekea kinyume cha usumaku wa chuma chenyewe.

Tumejua hivyo kwa sababu ya chuma-57, ile asilimia 2 ya swali la 3. Rudolf Mössbauer aligundua mwaka 1958 kwamba kiini kilichofungwa katika kigumu kinaweza kutoa na kunyonya mionzi ya gama bila kurudi nyuma. Katika chuma-57 mionzi hiyo ina kiloelektronivolti 14.4, na ndani ya chuma cha sumaku mstari wake mmoja hupasuka kuwa sita. Umbali kati ya mistari hiyo ndio hutoa zile tesla 33. Njia hiyo hiyo ilipelekwa Mirihi na magari ya Spirit na Opportunity, yaliyotua mwaka 2004, kutambua madini ya chuma kwenye miamba.

15. MRI inasoma nini hasa?

Protoni za haidrojeni, zilizo nyingi katika maji na mafuta ya mwili. Katika uga wa tesla 1.5 huitikia masafa ya takriban megahezi 64, yaani 42.58 kwa kila tesla. Ziada ya protoni zilizoelekea upande wa uga ni ndogo sana, kama 5 katika milioni kwa joto la mwili, lakini mwili una protoni nyingi kiasi kwamba ziada hiyo inatosha kujenga picha. Oksijeni-16 na kaboni-12 haziitikii kabisa, kwa sababu iliyotolewa katika swali la 8.

Mwitikio wa viini katika maji na nta uligunduliwa na Felix Bloch huko Stanford na Edward Purcell huko Harvard, kila mmoja na kundi lake, matokeo yakachapishwa mwaka 1946. Dawa ya gadoliniamu inayochomwa ili picha iwe wazi hufanya kazi kwa elektroni zake saba zisizo na jozi. Kiini chake hakihusiki.

16. Usumaku wa kiini unaathiri rangi au mwanga wa atomu?

Unaupasua kidogo. Katika haidrojeni, spini ya elektroni ikielekea upande wa protoni au kinyume chake, nishati hutofautiana kwa kiasi kinacholingana na wimbi la redio la sentimita 21, megahezi 1420. Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, na Harold Ewen na Purcell wakalipokea kutoka angani mwaka 1951. Kwa wimbi hilo ndipo mikono ya galaksi yetu ilipochorwa. Mpasuko wa aina hiyo katika siziamu-133 una mitetemo 9,192,631,770 kwa sekunde, na tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe hufafanuliwa kwa namba hiyo.

## Maswali ya pembezoni

17. Je, viini peke yake vinaweza kuwa sumaku, bila elektroni?

Ndiyo, ila kwa baridi isiyozoeleka. Kwa kuwa viini huathiriana kwa udhaifu (swali la 2), joto dogo kabisa huvivuruga. Watafiti wa Helsinki walionyesha kwamba viini vya shaba hujipanga chini ya takriban nanokelvini 60, na vya fedha chini ya takriban pikokelvini 560, kila kimoja kikielekea kinyume na jirani yake. Aloi ya dhahabu na indiamu ilionekana mwaka 1995 huko Bayreuth viini vyake vikielekea upande mmoja chini ya maikrokelvini 35. Hiyo ndiyo sumaku ya kweli ya viini.

Heliamu-3 iliyoganda ni ya peke yake: viini vyake hujipanga mapema zaidi, karibu na milikelvini 1. Atomu zake ni nyepesi kiasi kwamba hubadilishana nafasi, na kubadilishana huko huzipanga spini kuliko usumaku wao ungeweza.

18. Sumaku kali inaweza kubadili kasi ya kiini kuoza?

Si kwa sumaku tulizo nazo. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu na wenzake walitangaza jaribio la kobalti-60 iliyopozwa hadi takriban kelvini 0.01 na kupangwa kwa uga wa sumaku. Elektroni za miozo ya beta zilitoka zaidi upande ulio kinyume na spini ya kiini, na hapo imani kwamba maumbile hayabagui kushoto na kulia ikaporomoka. Uga ulielekeza viini. Kasi ya kuoza ilibaki ileile.

Kinachoweza kubadili kasi ni kuziondoa elektroni. Disprosiamu-163 ni imara ikiwa na elektroni zake zote. Katika maabara ya GSI, Darmstadt, mwaka 1992 ilivuliwa zote, na ikaoza kwa nusumaisha ya siku 47.

19. Nyota ya nyutroni ni kiini kikubwa chenye sumaku kali?

Ni picha ya kukaribia tu. Nyota hiyo hushikiliwa na graviti, ilhali kiini hushikiliwa na nguvu ya nyuklia. Nyota ziitwazo magneta zina nyuga za tesla 10¹⁰ hadi 10¹¹. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba uga wa nyota mama ulibanwa ilipoporomoka, na mwendo wa maada yenye chaji baada ya kuzaliwa ukaukuza. Wazo kwamba nyutroni zote zimeelekea upande mmoja lilipendekezwa, lakini hesabu zenye nguvu halisi ya nyuklia haziliungi mkono.

Hata hivyo, uga wa tesla 10¹¹ humpa protoni tofauti ya takriban kiloelektronivolti 9 tu kwa upande mmoja. Mbele ya megaelektronivolti zinazopanga maganda ya kiini, hiyo ni chenji.

20. Kuna kiini kinachoweza kubadilishwa hali kwa leza?

Thoriamu-229. Ina ngazi ya juu iliyo elektronivolti 8.4 tu, ilhali kwa viini vingi tunazungumzia maelfu na mamilioni. Mwaka 2024 makundi ya watafiti yaliinua kiini hicho kwa leza, wakilenga kujenga saa ya nyuklia. Kuruka kati ya ngazi hizo mbili ni kwa njia ya sumaku. Mwaka 2018 ilipimwa momenti ya ngazi ya juu ikawa takriban −0.37, ya chini ni takriban 0.36. Ukubwa unakaribiana, ishara ni kinyume, maana nyutroni isiyo na mwenzi inakaa katika mizingo miwili tofauti.

21. Usumaku umekaa sehemu gani ndani ya kiini?

Aage Bohr na Victor Weisskopf walilijibu hili mwaka 1950. Elektroni zinazopenya kiini huhisi si momenti nzima tu bali pia ilivyotawanyika humo ndani. Ikiwa isotopu mbili, yaani viini vya elementi moja vyenye nyutroni tofauti kwa idadi, zina mtawanyo tofauti, mpasuko wa mistari yao hautafuata uwiano wa momenti zao kikamilifu.

Rubidiamu ndiyo mfano wenyewe. Rubidiamu-85 na rubidiamu-87 zote zina protoni 37, lakini nyutroni mbili zinapoongezwa, ile protoni isiyo na mwenzi huhama mzingo, na momenti hupanda kutoka 1.35 hadi 2.75. Mpasuko wao hukosa uwiano kwa takriban asilimia 0.35. Wanaopima atomu nzito leo kwa usahihi mkubwa hulazimika kuiondoa athari hii kwanza, na kwa viini vingi hesabu yake bado ndiyo sehemu isiyo na uhakika kuliko nyingine zote.